Kinundu kwenye kiwiko: usikate mbele ya kujua

Hapa kwetu mtu wa mungoti akiona kitu kimevimba kwenye kiwiko chake, jibu liko tayari mbele ya ulizo: «Njo kazi.» Toka asubuhi anaegemea viwiko ndani ya shimo, anapiga nyundo, anabeba mifuko ya mawe, kama ngozi inaota kinundu, ajabu iko wapi? Mara nyingi ana haki. Lakini kuna vinundu vingine ambavyo kazi ya mikono haikuvileta. Vinatoka katika magonjwa ya viungo, yale tunayozoea kuyaita yote kwa jina moja tu, rimatizimu. Vingi vya namna hiyo haviumi sana. Basi mtu anavizoea, anavificha chini ya mkono wa shati, na miaka inapita. Huku ndani ugonjwa wenyewe unakula viungo, figo, mapafu, ao, kwa mtoto, moyo.

Tena kuna wembe. Wengine wanakwenda kukatwa nyumbani kwa mtu, wengine wanapigwa sindano kwenye farmasi bila kupimwa kitu. Ni juu ya hayo tumeandika habari hii. Hatutaki kufanya kila msomaji kuwa munganga. Tunataka kila nyumba ya mchimbaji ijue kuangalia kinundu: kiko fasi gani, kikiguswa kiko namna gani, na viungo vingine vya mwili vinasema nini. Mambo hayo matatu yanasaidia sana kujua kama ni ya kungoja ao ya kwenda lupitalo leo.

Kiwiko cha kazi

Tuanze na kile cha kazi, juu ndicho tunachokiona sana. Kwenye ncha ya kiwiko, kati ya ngozi na mfupa, kuna kamfuko kadogo kenye maji kidogo kabisa. Kazi yake ni kusaidia ngozi iteleze vizuri juu ya mfupa. Ukiegemea jiwe kila siku, kale kamfuko kanakasirika, kanajaa maji. Goti nalo linafanya vilevile kwa wale wanaotambaa katika njia za chini. Kule Uingereza, ambako watu walichimba makaa ya mawe kwa miaka mingi, kiwiko hicho na goti hilo viliingizwa katika orodha ya magonjwa ya kazi ya wachimbaji.

Namna ya kukitambua ni hii. Kiko kwenye ncha kabisa ya kiwiko, mara nyingi upande mmoja tu, ule unaoegemea. Ukikibonyeza ni laini, unasikia maji ndani. Vidole, viganja na miguu havina neno. Ukiacha kukiegemea kwa majuma kadhaa, kinapunguka. Lakini kikiwa chekundu, cha moto, kinauma sana na homa inapanda, jua kama mikrobe imeingia. Hapo hakuna kungoja Jumatatu. Ni kwenda lupitalo siku ileile.

Vinundu vya poliartriti

Kinundu cha pili hakifanani na hicho. Ni kigumu sawa mpira wa kiatu. Ukubwa wake unaanza na mbegu ya mahindi, unaweza kufika ndimu. Ngozi iliyo juu yake inabaki na rangi yake ya kila siku. Ukikibonyeza, mara nyingi hakiumi. Vingine vinateleza chini ya kidole, vingine vimeshikamana na mfupa. Fasi zake ni nyuma ya mkono, chini kidogo ya ncha ya kiwiko. Juu ya vifundo vya vidole. Nyuma ya kisigino. Na kwa mgonjwa anayelala siku nyingi, hata nyuma ya kichwa. Zote ni fasi ambazo mwili unasuguana na kitu, ndiyo maana ni rahisi kusema «njo kazi».

Waganga wanakiita kinundu cha poliartriti rimatoidi. Katika ugonjwa huo, askari wa mwili, wale wanaopaswa kupigana na mikrobe, wanageuka na kushambulia viungo vya mwenyewe. Vidole na viganja vya mikono yote miwili vinavimba, kuume na kushoto. Asubuhi mikono imekakamaa: mtu hawezi kufunga vifungo vya shati wala kushika kikombe cha chai, na hali hiyo inakaa saa moja ao zaidi mbele ya kulegea. Hiyo ni alama kubwa. Mtu aliyechoka na kazi tu anaamka na mwili mzito, anatembea kidogo, kisha dakika chache yuko sawa.

Wamama, mtusikilize hapa. Ugonjwa huu unashika wanawake mara mbili ao tatu kuliko wanaume. Mama anayeosha madini mtoni ao anayetwanga mawe ya kujengea, akiona vidole vimevimba kila asubuhi, asiseme tu kama mikono imechoka. Vitabu vya waganga vinaonyesha kama kati ya wagonjwa 100 wa poliartriti, 20 mpaka 30 wanaota vinundu, na wengi wao ni wale ambao ugonjwa wao ni mkali. Wenye kuvuta tumbaku wanaviota zaidi. Kwa hiyo kinundu ni onyo: kinasema ugonjwa huu utibiwe mapema, mbele vidole havijapinda, juu kidole kikisha kupinda, dawa hainyooshi tena.

Kinundu chenyewe mara nyingi hakidai kisu. Kinachotibiwa ni ugonjwa. Kati ya dawa zinazotumika sana duniani kuna moja inayoitwa metotreksati. Munganga anapima damu na ini mbele ya kuitoa, na mama mwenye mimba haruhusiwi kuinywa. Inanywewa mara moja tu kwa juma. Tunarudilia: kwa juma, hapana kwa siku. Mtu akiinywa kila siku kwa kukosea, inaweza kumuua.

Vumbi linapoingia katika habari

Hapa jambo linatugusa sisi watu wa mungoti kuliko wengine. Mwaka 1953, munganga mmoja, Anthony Caplan, alikuwa akichunguza mapafu ya wachimbaji wa makaa ya mawe huko Wales, katika Uingereza. Akaona kitu. Wachimbaji waliokuwa na poliartriti, picha za mapafu yao zilionyesha madoa ya mviringo, yametawanyika, tofauti na picha za wenzao. Vilikuwa vinundu vya jamii ileile inayoota kwenye kiwiko, safari hii ndani ya mapafu. Toka wakati ule ugonjwa huo unaitwa kwa jina lake. Vitabu vya Kifaransa vinaandika Caplan-Colinet.

Kisha waganga wakauona pia kwa watu wanaovuta vumbi la mawe yenye silisi. Na mawe ya Katanga mengi yako na silisi ndani. Vumbi linalodhuru zaidi ni lile jembamba ambalo jicho haliwezi kuliona, linaloelea hewani hata kisha mashine kunyamaza. Linaharibu mapafu, ndio ugonjwa unaoitwa silikozi. Tena uchunguzi uliofanywa katika nchi mbalimbali umeonyesha kama linaongeza hatari ya kupata poliartriti, na hatari inapanda zaidi kwa mtu anayevuta vumbi na tumbaku pamoja.

Madoa ya mapafu yanaweza kuonekana hata mbele ya viungo kuanza kuuma. Kwenye picha yanaweza kufanana na kifua kikuu ao kansa. Kwa hiyo mchimbaji mwenye vinundu na viungo vinavyouma aombe picha ya mapafu. Na yule aliyekwenda kwa ajili ya kikohozi avue shati, amwonyeshe munganga viwiko vyake. Lakini asikatae kupima makohozi kwa kusema «mimi niko na vumbi tu». Mapafu yenye silikozi yanashikwa na kifua kikuu kwa upesi kuliko mapafu mazima, na mtu anaweza kuwa na vyote viwili. Dawa za kifua kikuu zinatolewa bure katika inchi yetu.

Kuna ugonjwa mwingine wa vumbi la mawe. Mwaka 1957, munganga Erasmus aliandika juu ya wachimbaji wa dhahabu wa Witwatersrand, Afrika ya Kusini, ambao ngozi yao ilikakamaa ikawa ngumu sawa ngozi ya ngoma. Katika ugonjwa huo vidole vinageuka vyeupe ao bluu wakati wa baridi, na wagonjwa wengine wanaota kwenye vidole vinundu vidogo vigumu, vyeupe, kama punje za chokaa. Mchimbaji ambaye asubuhi za baridi za Juni na Julai anaona vidole vyake vinageuka rangi hivyo, amwambie munganga.

Vumbi linazuiwa namna hii: mawe yamwagiwe maji mbele ya kutobolewa na kuvunjwa, fasi ya kazi isifagiliwe ikiwa kavu, mtu asimame upande upepo unakotoka. Kitambaa kilichofungwa mdomoni hakisimamishi vumbi jembamba. Inatakiwa maski iliyotengenezwa kwa vumbi hilo. Na nguo za kazi zisikung'utwe ndani ya nyumba, fasi watoto wanalala.

Jongo, ugonjwa wa chokaa

Wengi wanaujua kwa jina la guti. Unaanza usiku. Kidole kikubwa cha mguu kinavimba, kinakuwa chekundu, kinauma hata shuka ikikigusa mtu analia. Siku chache, ao juma moja mbili, kinapoa, na mtu anasahau. Mwaka mwingine kinarudi. Kisha miaka kumi hivi bila matibabu, kitu kinachoitwa asidi uriki, ambacho figo hazikuweza kukitoa chote, kinajikusanya chini ya ngozi na kufanya vinundu. Waganga wanaviita tofi.

Fasi ya kwanza ya kuangalia ni ukingo wa sikio. Kisha kidole kikubwa cha mguu, kiwiko, vidole vya mikono, nyuma ya kisigino. Ni vigumu, na ukivuta ngozi kidogo unaona weupe ao umanjano chini yake. Kikipasuka kinatoa kitu cheupe sawa chaki. Hapo ndipo watu wanaanza kusema amelogwa. Hakuna uchawi, ni chumvi ya mwili wake mwenyewe.

Bia, pombe kali kama lutuku, nyama nyekundu, maini na matumbo, na samaki wadogo wakavu vinaongeza asidi hiyo. Kufanya kazi kwenye joto bila kunywa maji ya kutosha kunaweza kuamsha maumivu. Lakini tusimcheke mgonjwa kwa kumwita mlevi. Figo dhaifu, damu ya ukoo, na dawa zingine za tension zinaleta jongo hata kwa mtu asiyeonja pombe. Dawa yake iko, alopurinoli, na inanywewa kila siku kwa miaka. Miezi ya kwanza maumivu yanaweza kurudi, wengi wanaiacha hapo kwa kusema imewadhuru. Wasiiache, warudi kwa munganga. Asidi ikishuka na kubaki chini, vinundu vinayeyuka pole pole bila kisu.

Mtoto: hapa hatungoji

Kama habari hii yote itasahauliwa, wazazi washike kipande hiki. Kwa mtoto wa miaka 5 mpaka 15, vinundu vidogo chini ya ngozi pamoja na viungo vinavyouma vinaweza kuwa alama ya homa ya rimatizimu. Ugonjwa huu unafuata maumivu ya koo yaliyoletwa na mikrobe inayoitwa streptokoki. Mtoto anaumwa koo, anapona, mnasahau. Majuma mawili ao matatu kisha, homa inarudi, goti linavimba, kesho goti limepoa lakini kifundo cha mguu kimevimba, kesho kutwa kiwiko.

Vinundu vyake ni vidogo, toka kichwa cha kiberiti mpaka karanga. Haviumi, ngozi si nyekundu. Viko juu ya mifupa: viwiko, viganja, magoti, vifundo vya miguu, nyuma ya kichwa, kwenye uti wa mgongo. Vinaonekana vizuri ukikunja kiungo. Vinakaa siku chache ao majuma machache, kisha vinapotea vyenyewe, na hapo ndipo hatari ilipo, juu mzazi anafurahi. Si watoto wengi wenye homa hii wanaoota vinundu. Lakini wanaoviota, mara nyingi moyo wao umekwisha kuguswa. Munganga Jones wa Marekani aliviweka toka mwaka 1944 kati ya alama kubwa za kutambua ugonjwa huu, na waganga wanazitumia mpaka leo.

Moyo ulioguswa hausemi siku ileile. Ni kisha miaka, mtoto akiwa kijana ao binti mwenye mimba, anakosa pumzi akipanda kilima, miguu inavimba. Valvu za moyo zimeharibika. Lakini mtoto akitambuliwa mapema, anapigwa sindano ya penisilini ya muda mrefu kila majuma matatu ao manne, kwa miaka, ili koo lisishikwe tena na moyo usiharibike zaidi. Mwaka 2018 mataifa yote yaliyokutana katika Shirika la Afya Duniani yalikubaliana kupigana na ugonjwa huu, juu unaweza kuzuiwa. Na kuzuia kunaanza na koo: mtoto mwenye koo na homa apelekwe kituo cha afya.

Vinavyofanana navyo

Si kila kinundu ni rimatizimu. Kinundu cha mviringo juu ya kiganja, nyuma ya mkono, kinachokuwa kikubwa na kidogo, mara nyingi ni maji ya kiungo tu. Kinundu laini cha mafuta mgongoni ao begani kinaweza kukaa miaka bila kudhuru. Vifundo vigumu sawa mfupa kwenye viungo vya mwisho vya vidole, karibu na kucha, kwa wamama na wababa wazee, ni kuchakaa kwa viungo.

Lakini mbili zinataka lupitalo. Vinundu juu ya mifupa ya kiuno ao mbavu, pamoja na kuwashwa sana, kwa mtu aliyekaa karibu na mito ya maji makali, vinaweza kuwa vya onkoserkozi, ule ugonjwa unaopofusha macho. Na vinundu kwenye masikio na usoni, pamoja na doa la ngozi lisilosikia ukiligusa, vinaweza kuwa ukoma. Ukoma unapona, na dawa zake ni za bure. Kwa hiyo kinundu cha sikio kisipite bila kuonyeshwa: kinaweza kuwa jongo, kinaweza kuwa ukoma, na dawa zake ni mbali kwa mbali.

Wembe na sindano ya farmasi

Hatuko hapa kwa kutukana wazee wetu wanaojua majani. Tunasema juu ya wembe. Ukikata kinundu cha poliartriti, kidonda kinaweza kukawia kupona, na kinundu kinaweza kurudi fasi ileile. Ukikata tofi, chaki inatoka siku nyingi na mikrobe inapata njia mpaka kwenye kiungo. Na wembe uliopita kwa mtu mwingine unaweza kuleta SIDA ao ugonjwa wa ini.

Sindano nayo tuiangalie. Watu wengi wenye viungo vinavyouma wananunua deksametazoni ao prednizoloni bila karatasi ya munganga. Kesho yake maumivu yamekwisha, mtu anasema amepona. Lakini ugonjwa ungali palepale. Dawa hiyo ikitumiwa miezi mingi inavimbisha uso, inapandisha sukari na tension, inalainisha mifupa, na inaficha homa ya mikrobe. Aliyeitumia siku nyingi asiikate kwa siku moja vilevile. Mwili unaweza kuanguka. Aende kwa munganga, amwambie ukweli, apunguziwe pole pole.

Mbele ya kwenda kwa munganga

Mgonjwa wengi anaonyesha kinundu kimoja, anapewa dawa ya maumivu, anarudi. Ni vizuri kufika na majibu ya maulizo haya:

1. Kinundu kilianza mwezi gani? Kinakua, ao kiko vilevile?
2. Kiko kimoja ao vingi? Upande mmoja ao mbili?
3. Kikibonyezwa ni maji, mpira, ao jiwe? Kinauma?
4. Asubuhi mikono inakakamaa kwa muda gani?
5. Kuna kikohozi, kukosa pumzi, kukonda, jasho la usiku?
6. Umefanya kazi ya vumbi miaka mingapi, na kazi gani: kutoboa, kuvunja, kuosha, kubeba? Unavuta tumbaku?
7. Kwa mtoto: aliumwa koo mwezi uliopita?

Mwonyeshe munganga viwiko vyote viwili, mikono yote miwili, masikio na miguu, hata kama unaona haya juu ya vumbi la kazi. Karatasi zote za laboratwari na picha za mapafu ziwekwe nyumbani ndani ya mfuko mmoja, fasi kavu. Mwaka kesho, munganga mwingine akitaka kujua kama doa ni la zamani ao ni jipya, ni picha ile ya kwanza itakayomjibu.